Kasulu na Kibondo: Chama kimo kwenye simu, majibu hayamo

Kigoma ndiko Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikoanzia kuboresha Daftari la Kudumu la Wapigakura, Julai 20, 2024. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua kazi hiyo mjini Kigoma, na mashine zikasambaa wilayani. Vyama navyo huwa na uandikishaji wao, usio na mashine wala foleni. Ukifika msimu kama ule, mkazi wa Makere, Kitanga au Kibondo mjini huamka asubuhi akakuta namba yake imo kwenye grupu la WhatsApp ambalo hakuliomba: grupu la kata, grupu la vijana, grupu la marafiki wa mtia nia fulani anayeishi Dar es Salaam na kuonekana nyumbani kwenye misiba tu.

Jambo la kwanza analojiuliza ni namba imepatikanaje. Huenda imetoka kwa katibu wa tawi, au kwenye kikoba cha kina mama, au kwenye orodha ya mahudhurio ya semina ambayo kila mtu ameshaisahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ipo kwa ajili ya mambo ya namna hii. Sijamsikia katibu mwenezi hata mmoja, wa chama chochote, aliyemwomba mtu ridhaa kabla ya kumwingiza.

Tukubali kwamba ameingizwa, akakaa. Ndani kuna nini? Posta ya mgombea aliyekunja mikono kifuani. Klipu ya mkutano iliyopigwa kutoka jukwaani, ili umati uonekane mkubwa. Wimbo. Salamu za Ijumaa, salamu za Jumapili. Halafu anatokea mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, anauliza kuhusu bomba la maji lililosimama, au mbolea ya ruzuku ambayo imefika mjini lakini kijijini haijaonekana. Swali linakaa pale. Juu yake inatumwa posta nyingine. Linaulizwa tena, safari hii na watu wawili watatu, na mmoja anaongeza picha ya daraja lililobomoka. Hapo ndipo msimamizi wa grupu anapoingia kwenye mipangilio na kubonyeza mahali pamoja. Sehemu ya kuandikia inatoweka, na chini ya kioo panabaki maandishi madogo yanayosema kwamba wasimamizi tu ndio wanaoweza kutuma ujumbe.

Uwezo huo WhatsApp iliuleta katikati ya mwaka 2018. Kwa chama cha siasa ulikuwa zawadi. Grupu lina watu mia kadhaa, wote wanapokea, hakuna anayejibu. Mgombea akipita, grupu linabaki na kufuli mpaka uchaguzi mwingine. Akianguka, anajitoa usiku uleule wa matokeo, na wanachama wanabaki wakitumiana matangazo ya mikopo na dawa za kisukari.

Vyama vyetu vinajisifu kwamba vimehamia kidijitali. Kwa nilivyoona huku nyanda za juu za Kigoma, vilichohamisha ni kipaza sauti peke yake. Kile kipindi cha maswali kilichokuwa kinakuja baada ya hotuba, mzee akisimama na fimbo yake na kumwambia mheshimiwa ukweli mbele ya watu, hakikuhamishwa.

Ubaya wake unaonekana zaidi ukikumbuka mkoa wenyewe ni upi. Mwaka 2010, wakati simu nyingi vijijini zilikuwa vitochi, NCCR-Mageuzi ilichukua majimbo manne ya Kigoma kwa mpigo: David Kafulila Kigoma Kusini, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini na Felix Mkosamali Muhambwe, yaani Kibondo. Chama kile hakikuwa na fedha za kutisha. Kilikuwa na mikutano ya hadhara, pikipiki, vijana wenye midomo na habari iliyotembea kwa mguu kutoka gulioni hadi kitongojini. Miaka mitano baadaye majimbo yote manne yalirudi CCM. Sababu ni nyingi na nyingine ni za ndani ya upinzani wenyewe, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba Waha ni watu wa kupigia kura picha.

Na ni mkoa huuhuu uliotoa wanasiasa waliotangulia kuujua mtandao. Zitto Kabwe, aliyeingia bungeni mwaka 2005 kwa tiketi ya CHADEMA akiwakilisha Kigoma Kaskazini, alikuwa na blogu ya siasa wakati wabunge wengi walikuwa wanamwachia katibu muhtasi kazi ya kufungua barua pepe. Twitter ilipoingia nchini alijibizana na watu mwenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza, mara nyingine hadi usiku wa manane. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwamo, walikusanyika kama Kigoma All Stars na kutoa "Leka Dutigite", naye Zitto akiwa nyuma ya mradi huo. Wimbo ule ulifika kwenye simu za watu ambao kadi ya chama chochote hawajawahi kuigusa.

Kisha likaja sakata la Escrow, mwaka 2014. Kafulila ndiye aliyelipigia kelele bungeni, Zitto ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali iliyoleta taarifa. Wabunge wawili wa Kigoma, na nchi nzima ikitazama moja kwa moja kwenye televisheni. Kule Kasulu watu walijazana kwenye vibanda vyenye jenereta kama vile kuna mechi ya watani wa jadi.

Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja. Katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, mbunge akabakiziwa jimbo lake tu. Zuio hilo liliondolewa Januari 3, 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka sita. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na miwili zuio lilipoanza alifikisha umri wa kupiga kura likiwa bado lipo, na nje ya msimu wa kampeni hakuwahi kusimama juani kumsikiliza mpinzani aliyetoka mkoa mwingine. Siasa aliyoijua ni klipu ya sekunde thelathini. Kwa hiyo vyama visilaumiwe kwa kukimbilia simu, maana havikuachiwa kwingine kwa kwenda. Vinastahili lawama kwa vilichofanya baada ya kufika huko.

Sasa tuizungumzie hofu, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini watu wengi kwenye magrupu haya husoma na kunyamaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Arusha alitozwa faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno aliyoyaandika Facebook kumhusu Rais. Habari hiyo ilifika kila kijiwe cha bodaboda. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zenye leseni na ada. Kwa Kigoma jambo lilikuja karibu zaidi: Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani Zitto kwa maneno ya uchochezi aliyoyatoa Oktoba 2018 kuhusu mauaji ya wananchi wilayani Uvinza, na kumpa sharti la kutosema wala kuandika ya uchochezi kwa mwaka mzima. Kama mbunge anafungwa mdomo namna hiyo, mwenye kitochi cha mkopo atajitia ushujaa wa nini?

Kuna hofu nyingine ambayo mtu wa Moshi au Morogoro hawezi kuijua vizuri. Huku mpakani mwa Burundi, uraia wako unaweza kutiliwa shaka na mtu yeyote mwenye wivu. Kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo zimekuwa sehemu ya maisha yetu kwa miaka mingi. Lugha za Kiha na Kirundi zinasikilizana, majina yanafanana, na ndugu wa damu wako pande zote mbili za mstari. Malalamiko ya wana-Kigoma kuhusu kucheleweshewa vitambulisho vya NIDA kwa madai ya kuhakikiwa uraia yamefika bungeni mara nyingi. Laini ya simu nayo husajiliwa kwa alama ya kidole na namba hiyohiyo ya NIDA. Usajili wa zamani ulikoma Januari 20, 2020. Asiyekuwa na namba alisajiliwa laini kwa jina la shemeji, la jirani, la mwajiri. Mtu wa namna hiyo akitaka kumuuliza mgombea swali gumu kwenye grupu, anamfikiria kwanza mwenye jina.

Ndiyo maana katika siasa za huku kumwita mshindani wako mwizi si kitu. Tusi lenyewe ni "si raia". Zamani lilisemwa chinichini kilabuni. Siku hizi linarekodiwa kwa sauti ya dakika mbili, msemaji hajitaji, na kufika kesho yake lina zile alama zinazoonyesha kwamba limesambazwa mara nyingi. WhatsApp ilishapunguza uwezo wa kusambaza, ikaweka mwisho wa watu au magrupu matano kwa mkupuo mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kuzunguka sana. Haikusaidia huku, kwa kuwa kijana mmoja ana magrupu ishirini na subira ya kutosha. Tukumbuke pia kwamba mtindo wenyewe haukuanzia kwenye simu. Mwaka 2001 Serikali ndiyo iliyotangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu si raia. Vijana wa kampeni walijifunza kwa wakubwa.

Sasa, mtandao ni wa nani hasa? Mamlaka ya Mawasiliano ilihesabu laini za intaneti takriban milioni 48 nchini mwishoni mwa mwaka 2024. Namba inapendeza mpaka uiteremshe Kitanga. Laini si mtu; wengi wana mbili au tatu. Bando ni la siku moja, linanunuliwa likihitajika, na mwenye simu janja nyumbani mara nyingi ni mmoja, kijana, anayemsomea baba na kumfasiria bibi kwa Kiha. Umeme wa gridi ya Taifa wenyewe ulianza kufika wilaya hizi mwaka 2022. Kabla ya hapo Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na vijijini simu zilichajiwa kwa sola dukani kwa shilingi mia kadhaa. Bei ya bando ilipopandishwa Aprili 2021, kelele zilikuwa kubwa kiasi cha Serikali kusitisha bei mpya ndani ya siku chache. Wanasiasa waliosoma tukio lile vizuri walijua kwamba mpigakura wa kijijini hasomi ilani ya kurasa mia kwa bando la shilingi mia tano.

Anachopokea ni kile kisichomgharimu. Hapa ndipo palipo na ufundi wa kweli, na haukubuniwa makao makuu ya chama chochote. Kwenye senta kuna kibanda cha kijana mwenye kompyuta kuukuu, kazi yake kuingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa bei ya soda. Mwaka wa uchaguzi, katikati ya bongo fleva na kwaya, wimbo wa mgombea unaingia humo bila malipo, kwa kuwa kijana ameshalipwa na kambi ya mgombea. Kadi inarudi kijijini, inawekwa kwenye redio ndogo ya kubebea shambani au spika ya bodaboda, na wimbo unatembea kilometa nyingi bila hata kilobaiti moja ya intaneti. Vijana wengine wanarushiana klipu kwa bluetooth au Xender. Hakuna mdhibiti anayeuona mtandao huu, na hakuna anayeweza kuuzima. Ukijumlisha na Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na kuishia kuwa redio ya wenyeji wa Kibondo na Kasulu pia, utaona kwamba ujumbe wa siasa huku unasikilizwa zaidi kuliko unavyosomwa.

X, iliyokuwa Twitter, ni jambo jingine. Vyama vya upinzani vimejenga huko kambi kubwa, vyumba vya mazungumzo vya usiku kucha, na uchaguzi wa ndani wa CHADEMA wa Januari 2025, ambapo Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482, ulipiganwa humo kwa miezi kabla ya kufika ukumbini. Ulikuwa mjadala mkali na wa wazi kuliko mingi tuliyowahi kuiona. Ila kwa mkulima wa maharage wa Nyakitonto, X ni mahali ambapo wanasiasa huzungumza na waandishi wa habari na mabalozi wa nje. Mei 2025 mtandao huo ulipofungwa nchini, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kuvamiwa na wadukuzi, mijini watu walihangaika kutafuta VPN. Vijijini kwetu wengi hata hawakujua kwamba kuna kitu kimefungwa.

CCM kwa upande wake ina kitu ambacho hakuna programu inayoweza kukishinda: balozi wa shina. Ujumbe ukishuka kutoka taifa kwenda mkoa, wilaya, kata na tawi kwa WhatsApp, mwisho wake anaupokea mtu anayeweza kuvuka uzio na kumwambia jirani kwa mdomo. Julai 26, 2025 chama hicho kilifanya hata Mkutano Mkuu Maalumu kwa njia ya mtandao, wajumbe wakiwa mikoani mwao, kurekebisha katiba kuhusu idadi ya majina ya watia nia yanayokwenda kupigiwa kura za maoni. Kura hizo zilipigwa Agosti 4. Wiki zile watia nia waliwatumia wajumbe vocha na salamu kwa bidii isiyo ya kawaida, wakikumbuka utani uliovuma mwaka 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri. Kumbe mwanasiasa akiitaka kura ya mtu anajua namna ya kumpigia simu mmoja mmoja, kumwita kwa jina la mtoto wake na kusubiri jibu. Kura ya kijiji kizima anaiomba kwa posta.

CHADEMA nayo ilikuwa na wazo zuri pale Februari 2025 ilipozindua Tone Tone, michango midogomidogo ya wananchi kupitia simu. Hilo kwangu ni matumizi ya mtandao yenye heshima, maana anayetoa shilingi elfu mbili ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Aprili chama hicho kiliwekwa nje ya uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wake, Lissu, alishakamatwa kwa tuhuma za uhaini, kwa hiyo hatukupata kuona kama Tone Tone ingefika mpaka Muhambwe.

Kigoma Mjini tuliona sura nyingine. Clayton Chipando, yaani Baba Levo, msanii na mtangazaji aliyewahi kuwa diwani wa ACT-Wazalendo, alisimama kwa CCM dhidi ya Zitto, ambaye sasa alikuwa wa ACT, na kutangazwa mshindi, katika uchaguzi wa 2025 ambao ACT iliyakataa matokeo yake. Mitandaoni alijulikana kwa miaka kama chawa wa Diamond, na mwenyewe alilibeba jina hilo kwa furaha. Wapo wanaolia kwamba siasa imegeuzwa vichekesho. Mimi naona somo lililo wazi zaidi: alikuwa na wafuasi waliozoea kumsikia kila siku, uchaguzi uwepo usiwepo. Wanasiasa wetu wengi hufungua ukurasa Julai na kuutelekeza Novemba.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025. Siku ya kupiga kura yenyewe intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Iliporudi, watumiaji walipokea ujumbe wa simu ukiwaonya wasisambaze picha zinazoweza kuleta taharuki. Mwaka 2020 mitandao ilibanwa. Mara hii ilikatika kabisa. Mawakala waliotegemea kutuma picha za fomu za matokeo kwa WhatsApp walibaki na simu zenye picha ndani. Uganda ilifanya hivyohivyo Januari 2021, na kabla ya hapo, Julai 2018, iliwatoza watu shilingi 200 za huko kwa siku ili waingie kwenye mitandao ya kijamii. Chama kinachoweka daftari lake, mawakala wake na sauti yake yote ndani ya kitu ambacho mtu mwingine ana swichi yake kinajitakia. Wale waliokuwa na mtu wa miguu katika kila kitongoji angalau walijua kilichotokea kwenye vituo vyao.

Na mtandao ukiwa wazi, unaweza kufanya kazi tofauti kabisa na hii ya posta. Wakenya walituonyesha Juni 2024. Vijana walichukua Muswada wa Fedha, wakaufafanua TikTok na X kipengele kwa kipengele, tena kwa lugha za makabila, na Rais William Ruto akakataa kuutia saini baada ya maandamano. Waliouliza maswali walikuwa wananchi, na vyama vilikuwa nyuma vikihema. Sijaona chama nchini mwetu kilichoweka ilani yake kwa sauti ya Kiha, ya kumtumia bibi wa Heru Juu asikilize jioni. Gharama yake ni simu moja, chumba tulivu na msomaji mzuri.

Magrupu ya 2025 bado yamo kwenye simu zetu, mengi yakiwa na kufuli lake. Wabunge na madiwani wa Kasulu na Kibondo, mnazo namba zetu, mlizichukua bila kutuomba. Fungueni sehemu ya kuandikia, siyo 2029 utakaporudi uchaguzi wa vijiji na vitongoji, wala 2030, bali wiki hii. Wekeni humo taarifa ya mapato na matumizi ya kata, kwa sauti na kwa maandishi, halafu mtuachie tuulize. Na wewe msomaji uliyeingizwa grupu usilolijua, usijitoe kimyakimya. Uliza lile swali la bomba, na wasipokujibu, liulize tena kesho.